Amri Iliyokwama Bandarini

Nilisoma kidato cha tano na cha sita katika shule ya bweni mkoani Lindi, na huko ndiko nilikokutana kwa mara ya kwanza na Mapinduzi ya Ufaransa. Mwalimu aliandika tarehe 14 Julai 1789 juu ya ubao, akaipigia mstari, kisha akatusomea sababu zake: za kisiasa, za kiuchumi, za kijamii na za kifikra. Tulizinakili zote kwa mpangilio huohuo, tukazikariri usiku kwa taa ya chemli umeme ulipokatika, na siku ya mtihani tukazimwaga karatasini kama tulivyozipokea. Simlaumu mwalimu. Ila ilinichukua miaka mingi kufahamu kwamba tulipokuwa tukihangaika na majina ya Louis XVI na Robespierre, tulikuwa umbali wa saa chache tu kwa basi kutoka mahali ambapo historia hiyo ilitia nanga, ikanunua watu, ikang'oa nanga na kwenda zake.

Mahali penyewe ni Kilwa Kisiwani. Nilivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko asubuhi moja ya kaskazi, na baada ya kuzunguka Msikiti Mkuu, mzee aliyekuwa akituongoza alituketisha kwenye kivuli cha kuta za Makutani, jumba la masultani wa karne ya 18. Akawa anamenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda likining'inia kama utepe bila kukatika, huku akituambia kwamba hapo ndipo wakubwa walipokuwa wakipatana bei na Wazungu. Nikamuuliza, Wareno? "Sio Wareno, mwanangu," akasema bila kuinua macho. "Hao walishaondoka zamani. Wafaransa."

Mzee alikuwa na haki. Mnamo Septemba 1776 Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa alifunga mkataba na Jean-Vincent Morice, aliyewahi kuwa daktari wa melini kabla ya kugeukia biashara, na ambaye soko lake lilikuwa Île de France, kisiwa tunachokiita leo Morisi. Masharti yake ni mepesi kueleweka. Sultani atampa Morice watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kwa kichwa, yaani zile sarafu za fedha za Kihispania zilizotumika pwani yote, na Morice atamwongezea sultani zawadi ya piasta mbili kwa kila mtumwa. Hakuna mfanyabiashara mwingine, awe Mfaransa, Mholanzi au Mreno, atakayeruhusiwa kununua mpaka Morice atosheke. Atapewa ngome aweke mizinga yake na bendera yake. Atakayemshambulia mmoja wao atakuwa amewashambulia wote wawili. Muda wa mkataba: miaka 100.

Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi. Miaka 100 kutoka 1776 ni 1876. Katikati yake kulitokea huko Ufaransa jambo ambalo sisi tulifundishwa kuliita chanzo cha uhuru wa kisasa, na kwa hiyo swali ninalotaka kulifuata hapa ni moja tu: mapinduzi yaliyotangaza kwamba watu wote huzaliwa huru yaliufanya nini mkataba wa namna ile? Siulizi kuhusu mkataba wenyewe kama karatasi, maana Morice hakuishi kuufaidi, na miaka michache baadaye Waomani wakaitwaa tena Kilwa. Nauliza kuhusu biashara iliyokuwa nyuma yake, watu waliotembezwa kutoka bara hadi pwani, wakapakiwa, wakaenda kulima kahawa na miwa katika visiwa vya Île de France na Bourbon, ambacho leo ni Réunion, na wengine wakapitishwa hadi upande wa pili wa dunia.

Tuanze Ufaransa kwenyewe. Haikuingia katika mapinduzi kwa sababu ya vitabu vya wanafalsafa peke yake, ingawa ndivyo tulivyoandika mtihanini. Iliingia kwa deni na kwa mkate. Serikali ya Mfalme Louis XVI ilikuwa imetumia zaidi ya livre bilioni moja, fedha ya Ufaransa ya wakati ule, kuwasaidia Wamarekani wajitoe mikononi mwa Waingereza, sehemu kubwa ikiwa mkopo, na kufikia 1788 karibu nusu ya matumizi yake yalikuwa yakimezwa na madeni. Mwaka huohuo, tarehe 13 Julai, mvua ya mawe ilisaga mashamba ya ngano ya maeneo yanayoilisha Paris, na baada yake ukaja msimu wa baridi uliogandisha mito na kusimamisha vinu vya kusagia. Mkate wa ratili nne uliokuwa ukiuzwa sou 8 au 9, sarafu ndogo za huko, ulifika sou 14 na nusu mwanzoni mwa 1789, ilhali kibarua wa mjini alikuwa akipata kati ya sou 20 na 30 kwa siku. Hesabu hiyo haihitaji karatasi. Ukiwa na mke na watoto watatu, ujira wote unaishia kwa mwoka mikate kabla hujafikiria kuni wala kodi ya chumba.

Yaliyofuata ndiyo yaliyomo katika kila kitabu cha shule, nami nitayapita mbio: mkutano wa matabaka matatu uliofunguliwa Versailles tarehe 5 Mei 1789, wa kwanza tangu 1614, Tabaka la Tatu, yaani watu wasio makasisi wala makabaila, kujitangaza kuwa Bunge la Taifa, kuvamiwa kwa Bastille, ambamo walikutwa wafungwa saba tu, kufutwa kwa haki za makabaila usiku wa tarehe 4 Agosti. Tukio moja ambalo vitabu hulipa mstari mmoja, mimi ningelipa ukurasa. Tarehe 5 Oktoba maelfu ya wanawake wa Paris, wengi wao wauza samaki na mboga wa masokoni, walitembea kilomita karibu 20 katika mvua hadi Versailles kumdai mfalme mkate, na kesho yake wakarudi naye mjini pamoja na mkewe na mwanawe, wakiimba kwamba wamewaleta mwoka mikate, mke wa mwoka mikate na mtoto wa mwoka mikate. Tangu siku hiyo mfalme alikuwa mfungwa wa jiji lake, ingawa ilichukua zaidi ya miaka mitatu kukatwa kichwa.

Kabla ya matembezi hayo, tarehe 26 Agosti, Bunge lilikuwa limepitisha Tamko la Haki za Binadamu na Raia, lenye ibara 17. Ibara ya kwanza inasema kwamba watu huzaliwa na hubaki huru na sawa katika haki. Ibara ya 17 inasema kwamba mali ni haki takatifu isiyovunjwa. Mtu akisoma haraka ataona ibara mbili nzuri. Mwenye shamba la miwa alipozisoma aliona kwamba ile ya kwanza inaweza kusubiri na ile ya mwisho inamhusu yeye, kwa kuwa katika daftari lake watumwa waliandikwa safu moja na ng'ombe na mitambo ya kukamulia miwa. Ibara hizo mbili zilikuwa zinapigana ndani ya karatasi moja, na tarehe 8 Machi 1790 Bunge lilizigombelezea kwa namna yake: lilitamka kwamba halikukusudia katiba ya nchi itumike katika makoloni. Uhuru ukawekewa mpaka wa bahari.

Kwa upande wangu naona kwamba mambo yangeweza kukwama hapo kwa miaka mingi kama isingekuwa vita. Na vita hivyo havikuwaangukia Wafaransa kama radi, wenyewe walivipigia kura. Tarehe 20 Aprili 1792 mfalme mwenyewe alikwenda bungeni kupendekeza vita dhidi ya Austria, na katika wabunge wale mamia ni saba tu waliokataa. Kilichonishangaza nilipoanza kusoma habari hizi ni jinsi kila upande ulivyovitaka kwa sababu yake. Mfalme na malkia walivitaka wakitumaini kwamba jeshi la Ufaransa litashindwa na majeshi ya kigeni yatawarudishia enzi. Mbunge Jacques-Pierre Brissot na wenzake walivitaka wakitumaini kwamba vita vitawafichua wasaliti na kuwakomboa watu wa Ulaya. Maximilien Robespierre alikuwa miongoni mwa wachache waliopinga, akaonya Januari ya mwaka huo kwamba hakuna anayewapenda wamisionari wenye silaha. Historia ina mzaha mkali: aliyepinga vita ndiye baadaye aliyetawala kwa jina la vita, na Brissot aliyevitaka alipelekwa kwenye gilotini, mashine ya kukatia vichwa, Oktoba 1793. Brissot huyohuyo, tusisahau, ndiye aliyeanzisha mwaka 1788 Jumuiya ya Marafiki wa Watu Weusi.

Neno letu la mapinduzi linafaa sana hapa, kwa kuwa limetokana na kupindua, na chombo kikipinduka si nahodha peke yake anayeingia majini. Tarehe 10 Agosti 1792 watu wa Paris walivamia kasri la Tuileries. Mwezi uliofuata jeshi likawazuia Waprusia huko Valmy, na jamhuri ikatangazwa. Mfalme akakatwa kichwa tarehe 21 Januari 1793, na siku 11 baadaye Ufaransa ikatangaza vita dhidi ya Uingereza na Uholanzi. Februari wakaitwa askari 300,000. Wakulima wa Vendée, magharibi mwa nchi, wakakataa kutoa vijana wao, na kukataa kwao kukawa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoteketeza vijiji vizima. Tarehe 23 Agosti 1793 ikatoka amri ambayo naamini ndiyo iliyobadilisha maana ya vita duniani: vijana wote waende mstari wa mbele, waliooa watengeneze silaha na kusafirisha chakula, wanawake washone mahema na kuhudumia hospitali, watoto wachambue nguo kuukuu ziwe nyuzi za kufungia vidonda, na wazee wabebwe hadi viwanjani kuwatia watu moyo na kuhubiri chuki dhidi ya wafalme. Hakuna aliyeachwa nje, hata babu. Mwaka huo na uliofuata, mahakama za Ugaidi, kama kinavyoitwa kipindi kile cha utawala wa hofu, ziliwahukumu kifo watu wapatao 17,000, bila kuhesabu waliokufa vifungoni au waliouawa bila hukumu.

Wakati huo huko Saint-Domingue, koloni la Wafaransa katika Karibea ambalo leo ni Haiti, watumwa wapatao nusu milioni walikuwa hawakusubiri Bunge limalize kugombeleza ibara zake. Usiku wa tarehe 22 Agosti 1791 walianza kuyachoma mashamba ya kaskazini mwa koloni, na miaka miwili baadaye, wenye mashamba walipokuwa wakiwaita Waingereza na Wahispania waje kuwaokoa, kamishna wa Jamhuri, Léger-Félicité Sonthonax, aliona kwamba njia pekee ya kulibakiza koloni mikononi mwa Ufaransa ni kuwapa wapiganaji weusi kile walichokuwa wamekwisha kukitwaa. Akatangaza uhuru wa watumwa wa kaskazini tarehe 29 Agosti 1793. Waingereza walitua mwezi uliofuata.

Kwa hiyo wajumbe watatu wa Saint-Domingue walipofika Paris, mmoja mweupe, mmoja chotara na mmoja mweusi, walikuwa wameleta habari za jambo lililokwisha kutendeka. Yule mweusi aliitwa Jean-Baptiste Belley, aliyewahi kuwa mtumwa na kujinunua mwenyewe. Tarehe 4 Februari 1794 Konvensheni, yaani bunge la Jamhuri, ilifuta utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa. Wajumbe walisimama wakashangilia, rais wa kikao akawakumbatia wageni, na kumbukumbu za siku hiyo zinasema kwamba mwanamke mmoja mweusi, aliyekuwa akihudhuria vikao mara kwa mara, alizimia kwa furaha na kisha akakalishwa karibu na rais. Danton, mmoja wa viongozi wa mapinduzi, naye alisimama akasema kwamba siku hiyo Mwingereza amekufa. Maneno hayo yanaeleza mengi. Amri ile ilikuwa ya haki na ilikuwa silaha vilevile, na sioni sababu ya kuchagua moja kati ya hayo mawili. Mama yule aliyezimia hakuwa na haja ya kujua ni hesabu gani ya kivita iliyopigwa nyuma yake.

"Makoloni yote" yalikuwa pamoja na visiwa vya bahari yetu. Huko Île de France mapinduzi yalikuwa yamepokewa kwa shangwe: bendera ya rangi tatu ilipepea Port Louis, wakoloni walikuwa na baraza lao la kuchaguliwa na chama chao cha Wajakobini, wanamapinduzi wa msimamo mkali, na inasimuliwa kwamba hata gilotini ilitengenezwa, ikajaribiwa kwa mbuzi, na mbuzi huyo akabaki kuwa kichwa pekee kilichokatwa nayo. Walikuwa wanamapinduzi kwa kila jambo isipokuwa moja. Katika kila watu watano kisiwani, wanne walikuwa watumwa, wengi wao wakiwa wametoka Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki, wakiwamo Wamakua, Wayao na wengineo ambao Wafaransa waliwatia wote katika jina moja la "Wamsumbiji". Habari za amri ya 1794 zilipofika, baraza halikuikubali.

Juni 1796 kikosi cha manowari kilichoongozwa na Amiri Sercey kilitia nanga Port Louis kikiwa kimewachukua mawakala wawili wa serikali ya Paris, Baco na Burnel, waliokuja na amri hiyo mkononi. Nimejaribu mara nyingi kuiona bandari ile siku hizo: milima nyuma ya mji, umati ukiwa gatini, wenye mashamba wakiwa wamevaa utepe wa rangi tatu kofiani, na watumwa wakipakua mizigo ya manowari zilezile zilizobeba uhuru wao. Siku chache tu baada ya kushuka, mawakala hao walizongwa na umati wenye silaha, wakarudishwa kwa nguvu melini na kusafirishwa kuelekea Ufilipino. Askari wa Jamhuri waliokuja nao hawakufyatua risasi kuwatetea. Bendera ya rangi tatu ikaendelea kupepea, na shehena za watu zikaendelea kuja.

Ajabu ni kwamba mambo mengine ya mapinduzi hayakupata kizuizi popote. Aprili 1795, vita vikiwa vimepamba moto, Paris ilipitisha sheria ya vipimo vipya, ikatupatia majina ya mita, lita na gramu, na wanasayansi wawili, Delambre na Méchain, wakatumia miaka saba kupima ardhi kutoka Dunkerque hadi Barcelona ili kujua mita iwe ndefu kiasi gani, mara nyingine wakikamatwa kwa kudhaniwa majasusi. Baada ya uhuru wetu kipimo hicho kilizisukuma kando pishi, ratili na frasila, na leo hakuna mwenye duka anayejua kwamba anaposema "kilo moja na robo" anatumia lugha ya mapinduzi. Kilo ilifika. Uhuru wa 1794 haukufika.

Vita navyo vilifika, tena kwa haraka. Jenerali Bonaparte alitua Misri Julai 1798, na London pamoja na Bombay zikaingiwa na hofu kwamba nia yake ni India. Kati ya Misri na India yupo Mwomani, naye wakati ule alikuwa Sayyid Sultan bin Ahmad wa Maskati, ambaye meli zake zilikuwa zikifanya biashara na Île de France bila matatizo. Oktoba 1798 Waingereza wa Kampuni ya India Mashariki walipata kutoka kwake mkataba wa kuchukua upande wao dhidi ya Wafaransa, na mkataba huo una kifungu kinachonifurahisha kwa udogo wake: kwamba Mfaransa fulani aliyekuwa katika utumishi wa sultani, na aliyekuwa ameondoka kuipeleka moja ya meli zake Morisi, atafukuzwa mara atakaporudi. Siku zote huwa najiuliza nahodha yule alijisikiaje alipotia nanga Maskati na kuambiwa kwamba amekuwa adui wakati akiwa safarini. Januari 1799 Bonaparte alimwandikia sultani barua ya urafiki kutoka Kairo, pamoja na barua nyingine ya kupelekwa kwa Tipu Sultan wa Mysore, adui wa Waingereza huko India, lakini Waingereza walizinasa, na kabla mwaka haujafika katikati Tipu alikuwa ameuawa katika ngome yake ya Srirangapatna. Januari 1800 ulitiwa saini mkataba wa pili wa Maskati, uliomruhusu mwakilishi wa Kiingereza kukaa huko, na urafiki huo ukaandikwa kuwa utadumu hadi jua na mwezi vimalize mizunguko yao. Morice alikuwa ameomba miaka 100 tu.

Huo ndio mlango ambao Waingereza waliingilia katika mambo ya Oman, na kupitia Oman katika mambo ya Zanzibar, na sioni kwamba wangeufungua mapema kiasi hicho kama si hofu ya Wafaransa. Wanafunzi huulizwa sababu za ukoloni wa Kiingereza Afrika Mashariki na hujibu kwa kuanzia 1884. Mimi ningeanzia na barua iliyonaswa njiani.

Sasa naomba nimlete mtu mmoja. Jean Antoine Rossignol alizaliwa Paris 1759, akajifunza ufundi wa kufua dhahabu, akawa miongoni mwa watu walioivamia Bastille, na mapinduzi yakampandisha hadi akawa jenerali katika vita vya Vendée. Tarehe 24 Desemba 1800 bomu lililofichwa ndani ya pipa juu ya mkokoteni lilimkosa Bonaparte mtaa wa Saint-Nicaise. Waliolitega walikuwa watu wa mfalme, lakini Bonaparte, ambaye sasa alikuwa Konsuli wa Kwanza, yaani mtawala wa Ufaransa, alipata fursa ya kuwafagia Wajakobini, ikatoka orodha ya watu 130 wa kuhamishwa, na Rossignol alikuwamo. Takriban 70 kati yao walishushwa Mahé, katika visiwa vya Shelisheli, Julai 1801. Wenye mashamba wa huko waliingiwa na woga kwamba watu hao watawatia watumwa wao maneno kichwani, kwa hiyo mwaka uliofuata zaidi ya 30 walipakiwa tena na kwenda kutupwa Nzwani, katika Visiwa vya Ngazija.

Hapo ndipo kijana wa Bastille alipofikia: Nzwani, mahali ambapo watu husema lugha iliyo dada wa Kiswahili, adhana ikisikika mara tano kwa siku, na homa ikiua mgeni baada ya mgeni. Rossignol alikufa huko tarehe 27 Aprili 1802. Wenzake wengi walikufa vilevile. Nadhani katika watu wote wa mapinduzi yale, huyu ndiye aliyetufikia karibu zaidi, naye alifika akiwa mfungwa, wakati wenye watumwa wa Port Louis walikuwa wamelala majumbani mwao.

Wiki tatu na siku mbili baada ya kifo chake, tarehe 20 Mei 1802, Paris ilipitisha sheria mpya. Ilisema kwamba utumwa utaendelezwa katika makoloni yanayorudishwa na Uingereza kwa mkataba wa amani, na kwamba itakuwa hivyohivyo katika makoloni mengine ya Ufaransa yaliyo ng'ambo ya Rasi ya Tumaini Jema. Ng'ambo ya Rasi ni huku kwetu. Wale waliowafukuza mawakala wa Jamhuri mwaka 1796 hawakuwahi kuadhibiwa, badala yake uasi wao ukageuzwa sheria. Huko Saint-Domingue, ambako jeshi lilitumwa kumng'oa Toussaint Louverture, kiongozi wa waliokuwa watumwa, mambo hayakwenda kama ilivyotarajiwa: Toussaint alikamatwa kwa hila na kufia katika baridi ya ngome ya Joux Aprili 1803, lakini wenzake waliwashinda Wafaransa, na Haiti ikatangaza uhuru wake tarehe 1 Januari 1804. Mwaka 1825 Ufaransa ikaitoza nchi hiyo faranga milioni 150 kama fidia ya mali iliyopotea, na sehemu ya mali hiyo ilikuwa watu wenyewe waliokuwa wakilipa. Ibara ya 17 ilikuwa na kumbukumbu ndefu.

Kwenye bahari yetu kilichovunja mambo kilikuwa mizinga. Kutoka Port Louis, wavamizi wa baharini wenye vibali vya serikali, Robert Surcouf akiwa maarufu kuliko wote, walikuwa wakiteka meli za Kiingereza hadi Ghuba ya Bengal, na mwaka 1810 Waingereza waliamua kuking'oa kiota hicho. Agosti walipigwa vibaya Grand Port, ushindi wa baharini wa pekee ulioandikwa kwenye Lango la Ushindi jijini Paris, lakini walirudi na jeshi kubwa, na mwanzoni mwa Desemba kisiwa kikasalimu amri. Kwa kuwa biashara ya watumwa ilikuwa imekatazwa na sheria ya Uingereza tangu 1807, soko kubwa la kusini likaanza kufungwa, kwanza kwa jina, halafu polepole kwa vitendo, na mwaka 1822 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, akatia saini mkataba na Kapteni Moresby wa Uingereza wa kutowauzia watumwa watu wa mataifa ya Kikristo.

Mtu angetegemea kwamba hapo misafara kutoka bara ingepungua. Lakini mfanyabiashara aliyezuiwa kupeleka watu kwenye mashamba ya ng'ambo aliweza kuyaleta mashamba kwao. Mikarafuu, ambayo Wafaransa walikuwa wameiiba kutoka Maluku na kuipanda Île de France mwaka 1770, ilivushwa kutoka visiwa hivyohivyo hadi Unguja katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, na katika miaka ya 1830 na 1840 ikaenea Unguja na Pemba, ikipandwa na kuchumwa na watumwa ambao sasa hawakulazimika kupita Rasi Delgado kwenda kusini. Kila ninapopita kwenye majamvi ya karafuu zilizoanikwa barabarani Pemba, harufu ile inanifikia kabla ya kuziona, na huwa nakumbuka kwamba nayo ni sehemu ya vita vya Wafaransa na Waingereza.

Bourbon ilirudishiwa Ufaransa baada ya vita, na watumwa wake walisubiri mapinduzi mengine ya Paris, yale ya 1848. Tarehe 20 Desemba mwaka huo zaidi ya watu 60,000 walitangaziwa uhuru wao, miaka 54 na miezi kumi baada ya amri ile ya kwanza. Miwa ilihitaji mikono, na katika miaka ya 1850 meli za Réunion zilirudi tena kwenye pwani ya Afrika Mashariki, safari hii zikitafuta vibarua wa mkataba. Utaratibu ulikuwa kwamba mtu ananunuliwa kwa mwenye kumiliki, anahesabiwa kuwa amekombolewa, kisha anapandishwa melini, na mbele ya ofisa wa serikali mkalimani anamuuliza kama anakwenda kwa hiari yake. Jibu la ndiyo linaandikwa kitabuni, pamoja na muda wa miaka yake ya kazi. Fedha za kumnunua zimekwisha kulipwa, pwani iko nyuma yake, na mwenye kumuuza amekwisha kupiga makasia kurudi ufukweni. Jina lake rasmi kwa Kifaransa, kuanzia dakika hiyo, ni mwandikishwa huru.